Mtu Mmoja, Mlango Wazi

Katika shule ile ya bweni kulikuwa na adhabu za kila aina, na wanafunzi, kwa kuwa ni watu wanaopenda kupima mambo, walikuwa wamezipanga kwa uzito. Kufyeka nyasi ilihesabiwa kuwa adhabu nyepesi, maana nyasi hazina maneno. Kuosha vyoo ilikuwa ya wastani. Adhabu kuu, ile iliyomfanya hata mtoro sugu aombe vyoo huku machozi yakimlengalenga, ilikuwa kukariri shairi la "Amka Huko Bwenini", beti arobaini, na kulighani lote mbele ya mtunzi wake bila kumeza hata silabi moja.

Mtunzi huyo alikuwa mwalimu wa nidhamu. Jina lake la kwenye karatasi lilijulikana kwa mhasibu wa shule peke yake. Wengine wote walimwita Kengele, na mwenyewe alilijua jina hilo na kulipenda, akiamini limetokana na shairi lake. Ukweli ni kwamba lilitokana na kichwa chake, kilichokuwa chembamba utosini na kipana mashavuni, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Shairi lilianza hivi:

Amka huko bwenini, kengele imeshalia,
Toka mwako mashukani, elimu yakuitia,
Maji baridi bombani, yaoge bila kulia,
Mvivu hana thamani, wala pa kukimbilia.

Beti thelathini na tisa zilizofuata zilieleza kwa utaratibu namna ya kutandika kitanda, kupiga mswaki kwenda juu na chini, kusalimia wakubwa, kutopaka siagi pande zote mbili za mkate, na kufua soksi kila jioni. Mstari wa mwisho ulirudi kila ubeti, kama kibwagizo, ili asitokee mtu akasema hakusikia.

Tumtendee haki Kengele: hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba anawafanya vijana walipende shairi. Kila Jumatatu asubuhi shule nzima ilisimama mstarini na kulighani, naye akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, na ule mguno wa mamia ya watoto ambao hawajanywa uji ukamwingia masikioni kama asali. Aliyafumba macho kwa raha zake. Kama angeyafumbua, angeona nyuso, na historia ya ushairi ingechukua njia nyingine.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Kengele hakuwahi kumpata amsikilize. Mkewe, Mama Pacha, alifundisha hesabu shuleni hapo hapo, na kila jioni mumewe alipokohoa kwa ajili ya kughani, alikuwa na kitu jikoni.

"Subiri kidogo, Baba Pacha, maharage yanaungua."

Maharage ya nyumba ile yalikuwa yakiungua tangu mwaka wa harusi. Wale pacha wenyewe, baada ya kukua wakilala kwa beti badala ya hadithi, walichagua vyuo vya mbali, kila mmoja upande wake, na likizo walikuwa na kazi nyingi sana za kufanya huko huko.

Basi ikatokea kwamba shule ilipata mgeni kutoka ng'ambo, mwanamke mrefu aliyekuja kuangalia vyoo vilivyojengwa kwa msaada wa watu wa kwao. Alifika Jumatatu. Akakuta mamia ya watoto, alfajiri, kwenye ukungu, wakighani shairi refu kwa sauti moja na uso mmoja wa huzuni kuu. Mgeni alisimama na viatu vyake vya kukagulia vyoo, akashika kifua. Maishani mwake hakuwa amewahi kuona watu wanaoupenda ushairi hadi kuteseka kiasi kile. Akarekodi kwenye simu. Na kwa kuwa mumewe wa zamani alikuwa mratibu wa tamasha la kimataifa la ushairi, na walikuwa bado wanazungumza, mwaliko ukaja kabla muhula haujaisha.

"Mama Pacha," Kengele alisema siku hiyo, akiwa amesimama katikati ya sebule kama mtu anayepigwa picha. "Wamenitambua."

"Nani amekutambua?"

"Dunia."

"Dunia ipi, Baba Pacha? Hii yenye sisi?" Mama Pacha alikuwa anasahihisha madaftari, na hakuinua kalamu.

"Wewe cheka. Wenzako huko wanataka kunisikiliza."

"Tatizo lako ndilo hilo. Hujawahi kuwa na msikilizaji hata mmoja. Una wafungwa."

"Wanafunzi wangu wanalipenda lile shairi!"

"Fungua geti Jumatatu, tuone linavyopendwa."

Kengele akavuta pumzi ya mtu aliyeonewa. Mama Pacha akaweka kalamu chini, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Nikupe hesabu rahisi," alisema. "Huko uendako, nitafutie mtu mmoja. Mmoja tu, sikuombi wawili. Asiwe na kosa, asiwe anangoja chakula, na mlango uwe wazi. Akikaa mwenyewe, kwa hiari yake, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa arobaini, basi ukirudi nitazima jiko, niketi pale kwenye kigoda, nikusikilize zote."

"Zote?"

"Zote. Na kibwagizo nitakuitikia."

Katika maisha yao yote ya ndoa mkewe hakuwahi kuahidi kuzima jiko. Tangu dakika hiyo tamasha, dunia na mwanamke wa vyoo vilirudi nyuma, vikakaa. Alikuwa na safari moja tu: kwenda kumtafuta mtu mmoja.

Kwenye uwanja wa ndege wa ng'ambo alipokewa na mwanamume mnene wa wastani, aliyevaa koti zuri, ambaye alipomwona tu alibana visigino na kuficha mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Kengele alimtazama, na ile sehemu ya ubongo inayohifadhi wakosaji ikafunguka yenyewe. "Chelewa?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Umechelewa."

"Hapana, mwalimu. Ndege yako ndiyo imewahi."

"Unajibu?"

"Sijibu, mwalimu," alisema Chelewa, baba wa watoto watatu, akabeba begi.

Chelewa alikuja nchi ile kusoma, akaoa huko, na sasa alikuwa mkalimani wa hospitalini na mahakamani. Tamasha lilimwajiri kwa kuwa katika mji mzima hakukuwa na mwingine anayeijua lugha ya mshairi mgeni. Walipomuuliza kama anazifahamu kazi za mshairi huyo, alijibu kwamba anazifahamu, na kwa adabu hakueleza zaidi. Alizifahamu zote arobaini. Alikuwa amezikariri mara tatu kwa makosa matatu, na moja kati ya makosa hayo halikuwa lake.

Tamasha lilifanyika katika jengo lililokuwa kiwanda cha sabuni. Sabuni ilikwisha, harufu ikabaki, na washairi kutoka kila pembe ya dunia wakazunguka humo wakinukia usafi ambao wengine hawakuwa nao. Walivaa skafu ndani ya nyumba. Walikumbatiana kwa macho yaliyofumbwa. Kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba kazi yake imemgusa sana, kisha akamuuliza anaandika nini. Mmoja alisoma shairi la ukimya: alisimama mbele ya watu, akanyamaza, akashukuru, akaketi, na watu wakasema safari hii amenyamaza vizuri kuliko mwaka jana. Mwingine alisoma shairi kuhusu mama yake huku akimenya kitunguu, akalia, na hadhira ikabishana hadi chakula cha mchana kama yale yalikuwa machozi ya fasihi.

Lakini Kengele aliona jambo moja tu, nalo lilimtia baridi mgongoni. Milango ilikuwa wazi. Vyumba vyote, milango yote. Watu waliingia katikati ya ubeti wakiwa na vikombe vya karatasi vya kahawa, wakasikiliza mistari miwili, wakatoka. Wengine walipita tu kama wanaokata njia sokoni. Hakuna aliyeandika majina yao.

"Wanaruhusiwa?" alinong'ona.

"Ni watu huru, mwalimu."

"Huru hadi lini?"

Alighani siku ya kwanza, mchana, katika chumba chenye dirisha refu na viti vya mbao vinavyokunjwa. Walikuwepo watu wa kutosha. Kengele akatazama mlango ulio wazi, akamkumbuka mkewe na lile jiko, akaanza kwa sauti iliyowahi kuwatoa watu vitandani. Chelewa alitafsiri kila ubeti. Kufikia ubeti wa mswaki, safu ya nyuma ilikuwa imekwenda. Kufikia ubeti wa salamu, safu ya mbele ilikuwa inatazama simu zake kwa heshima. Kwenye siagi wakatoka wanane kwa pamoja, wakiinama kidogo, kama watu wanaopita mbele ya msiba.

Akabaki mmoja, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya sufu, ameketi pembeni karibu na ukuta, mikono kifuani, macho kwa Kengele bila kupepesa.

Moyo wa Kengele ulipanda. Mtu mmoja! Mlango wazi! Alimwelekea, akamghania yeye peke yake, akamwekea madoido, akamtetemeshea sauti kwenye ubeti wa soksi. Beti ishirini na tano, mtu yupo. Thelathini na tano, mtu yupo, hata amesogea mbele kwenye kiti. Kengele aliiona sebule yake, akamwona Mama Pacha kwenye kigoda, jiko limezimwa. Alipomaliza ubeti wa arobaini alikuwa na ukungu machoni. Mtu yule akasimama, akaja moja kwa moja hadi jukwaani, akanyoosha mkono. Kengele akanyoosha wake. Mtu akaupita, akachukua kipaza sauti, akakunja waya wake, akaondoka.

"Ni fundi mitambo, mwalimu," Chelewa alisema taratibu. "Alikuwa anangoja vifaa vyake."

"Kwa hiyo hakuwa huru."

"Alikuwa kazini, mwalimu."

Kengele alikaa kwenye kiti cha kukunja, kiti kikamkunja kidogo. "Ulitafsiri vizuri?"

"Vizuri sana. Nadhani hapo ndipo tulipojiharibia."

Siku ya pili alipangiwa tena, chumba kile kile. Aliingia akiwa hajala. Watu walikuwa wengi kuliko jana, kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Walikuwa wanaongea. Walikuwa wanacheka. Kijana mmoja aliweka miguu juu ya kiti kilichokuwa mbele yake, na viatu vyake vilikuwa na tope. Mlango uliachama kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Kengele alisimama kimya akingoja utulivu, na utulivu haukuja.

Kilichotokea baadaye hakikupangwa, ingawa wataalamu wameandika kwamba kilipangwa. Ndani ya mshairi kulikuwa na mwalimu wa nidhamu, na mwalimu alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Akashuka jukwaani. Akaenda mlangoni kwa hatua zile ambazo watoto wa shule ile walizijua kutoka mbali, hatua za viatu vinavyojua vinakokwenda. Akaufunga. Akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Akageuka.

"Simameni!"

Chelewa aliitafsiri kabla hajaielewa, na ikamtoka kwa sauti ya kiranja. Chumba kizima kikasimama. Baadaye wengi walieleza kwamba hawakujua kwa nini walisimama. Magoti yalisimama yenyewe.

"Wewe mwenye kikombe. Weka chini. Siyo hapo. Chini. Wewe, toa miguu kwenye kiti, kifute. Kwa nini huyu anacheka? Muulize anacheka nini, tucheke sote."

"Anasema hachekei kitu, mwalimu."

"Mtu anayecheka bila kitu apelekwe wapi? Asogee mbele."

Akasogea mbele. Alikuwa mhakiki wa gazeti kubwa.

Kisha somo likaanza. Kengele alighani mstari, wao wakaurudia kwa lugha wasiyoijua, na aliyemumunya alirudia peke yake. Simu moja ililia, ikataifishwa. Waliochelewa waligonga mlango wakaoneshwa, kupitia kioo, mahali pa kusimama na kujifikiria. Mshairi mmoja mashuhuri, aliyewahi kukataa tuzo za serikali mbili kwa kuwa hapokei amri za mtu, aliambiwa achomekee shati. Akachomekea. Alipomaliza alitazama kama limekaa vizuri nyuma.

"Kibwagizo!"

"Mvivu hana thamani!" chumba kikapaza.

"Sijasikia! Mmekula au hamjala?"

"MVIVU HANA THAMANI, WALA PA KUKIMBILIA!"

Vioo vya dirisha vilitetemeka. Ubeti wa siagi ulipita hakuna aliyetoka. Ubeti wa soksi, watu walitazama soksi zao. Walipofika mwisho, chumba kikalipuka. Walipiga makofi, walipiga viti, mhakiki alikuwa analia, wala hakuwa ameshika kitunguu.

"Wanataka nyingine!" Chelewa alipiga kelele. Jasho lilimtiririka, koti zuri lilikwisha vuliwa.

"Zimekwisha."

Hapo Chelewa alisahau umri wake, kazi yake na watoto wake watatu. Alikuwa amerudi bwenini, taa zimezimwa, wenzake wanangoja.

"Umebaki mmoja, mwalimu," alisema, na kabla hajazuiwa akautoa, kwa sauti safi, kwa madaha, kama mtu aliyeughani maelfu ya mara bila kutumwa na mtu:

Mtunzi yuko ndotoni, blanketi kang'ang'ania,
Akoroma kitandani, paa linaitikia,
Maji ya moto ndooni, mkewe kamtilia,
Mvivu hana thamani, wala pa kukimbilia.

Akautafsiri. Kwanza kilisikika kicheko kimoja, halafu vyote. Watu walishikana mabega. Na wakati Kengele bado hajapata hewa, chumba chenyewe, bila kuamriwa na yeyote, kikaanza tena kile kibwagizo, kikamgeukia yeye, kikakirudia na kukirudia.

Kengele alisimama katikati ya jukwaa. Kwanza ilimjia hasira, ile ya kawaida, iliyokuwa na makao ya kudumu mwilini mwake. Halafu masikio yake, ambayo hayakuwa na uaminifu kwa bwana wao, yakahesabu mizani: nane kwa nane, kila kipande. Yakapima vina: vimetulia. Ubeti wake mwenyewe wa ishirini na sita, ambao kwa miaka mingi ulichechemea kwenye mstari wa pili, haukuwa umetulia hivyo. Na tatu, hili lilikuja polepole, kama maji yanayopanda sakafuni: ilikuwa kweli. Kengele ya alfajiri hupigwa na kiranja. Wakati huo mtunzi huwa amelala. Na maji baridi hakuwa ameyaoga tangu alipooa.

Nani alijua habari za ndoo?

Walimpa tuzo kuu. Ilikuwa sikio la kioo, zito, lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, na mratibu alimkabidhi kwa maneno ambayo Chelewa aliyatafsiri akitazama sakafu.

"Anasema, kwa mara ya kwanza katika historia ya tamasha hili, watu wameupata ushairi kama kitu ambacho huwezi kukitoroka. Anasema hasa ule mlango. Kuufunga ule mlango, anasema, ulikuwa ushujaa. Ndio ulioleta ushindi."

Watu wakasimama, kwa hiari safari hii, lakini hakukuwa na shairi la kusikiliza. Kengele alilishika sikio la kioo mbele ya tumbo lake. Mlango. Alikuwa amepata makofi, tuzo, mhakiki mwenye machozi na picha za kutosha kuta zote za shule. Alichotumwa, mtu mmoja na mlango wazi, hakukipata.

Kwenye uwanja wa ndege walikaa wakingoja, sikio likiwa katikati yao kwenye kiti cha tatu.

"Chelewa."

"Naam, mwalimu."

"Ule ubeti aliutunga nani?"

Chelewa akajifunga vizuri kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa. "Tuliukuta, mwalimu. Hata kaka zetu waliukuta. Tuliambiwa tu umetoka nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu hakulali mwanafunzi."

"Hakulali. Ila tulikuja kupalilia bustani, kila aliyekosa. Kila kizazi."

"Kumbe mlikuwa mnachungulia!"

"Kuchungulia wapi, mwalimu, tulikuwa tumeinama."

Kengele alitafakari wakosaji wote waliowahi kuinama katika bustani yake. Wengine sasa walikuwa mameneja, wengine madaktari, mmoja alikuwa kanali. Aliapa kimoyomoyo kumpata mwenye kosa, hata kama ni kanali, na kumpa adhabu inayostahili. Kisha akakumbuka kwamba adhabu inayostahili ni shairi, na mtu huyo analijua.

"Na wewe," alisema, akitazama ndege zinavyosukumwa nje, "hebu niambie kama mtu mzima. Umewahi kulisikiliza shairi langu kwa hiari?"

"Kama mtu mzima?"

"Kama mtu mzima."

"Ule ubeti mmoja niliujua siku ile ile niliyousikia. Miaka ya mwanzo hapa, nikiosha vyombo mahotelini, nilikuwa nauimba peke yangu, nacheka, wenzangu wananiona kichaa. Zile arobaini, mwalimu... bila zile arobaini, ule mmoja usingechekesha."

Kengele alilipokea jibu hilo kama mtu anayepewa chenji pungufu mbele za watu. Akalitia mfukoni bila kulitazama.

Alifika nyumbani Jumapili alasiri. Mama Pacha alikuwa jikoni, amempa mgongo, anakoroga sufuria. Mvuke ulikuwa unatoka kupitia mlango wa nyuma unaotazama bustani.

"Karibu, Dunia," alisema bila kugeuka. "Za huko?"

"Nzuri." Akaliweka sikio la kioo mezani. Likasimama pale, likisikiliza.

"Enhe. Mtu mmoja?"

Hapa palikuwa na nafasi ya kudanganya, na ilikuwa pana. Chelewa alikuwa mbali. Tuzo ilikuwa mezani. Neno moja tu, na jiko lingezimwa. Kengele alifungua kinywa, akakifunga. Alikuwa amewaadhibu watu wengi mno kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Walikaa wote," alisema. "Chumba kizima. Mpaka mwisho."

"Na mlango?"

"Niliufunga."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Uliufunga tu, au..."

"Kwa ufunguo."

"Baba Pacha!"

Mama Pacha alicheka hadi akashika ukingo wa meza, akacheka hadi akakaa kwenye kile kigoda, lakini jiko lilikuwa linawaka, kwa hiyo haikuhesabika. Kengele alimngoja amalize. Kisha akanyoosha mgongo na kuvaa uso wake wa kamati ya nidhamu.

"Cheka. Lakini kuna jambo zito. Kuna ubeti wa matusi unaozunguka dunia nzima kunihusu. Nimeusikia kwa masikio yangu, mbele ya mataifa. Nitaufanyia uchunguzi. Nakusomea kama ushahidi, siyo kwa kuufurahia: 'Mtunzi yuko ndotoni, blanketi kang'ang'ania...'"

Alitua, ili uzito wa kosa uonekane. Mama Pacha alikuwa ameshainuka, amerudi kwenye sufuria. Kutoka kule, na mvuke usoni, akakoroga mara moja na kuendelea:

"'Akoroma kitandani, paa linaitikia. Maji ya moto ndooni, mkewe kamtilia.'"

Akaonja chumvi.

Nje, kwenye bustani, watoro wawili wa kidato cha pili walikuwa wameinama wakipalilia, na walionekana kupalilia sehemu moja kwa muda mrefu sana.

"Umeujuaje?"

"Nikuulize na mimi, kwa hesabu tu. Mtu atatungaje ubeti wa arobaini na moja, ukalingana vina na mizani, kama hajazisikiliza arobaini?"

"Lakini wewe kila siku... maharage yalikuwa yanaungua!"

"Umewahi kula maharage yaliyoungua nyumba hii?"

Kengele alifikiri. Alirudi nyuma mwaka hadi mwaka, jioni hadi jioni, sahani hadi sahani. Yalikuwa maharage mazuri. Yalikuwa, kila siku, maharage mazuri sana.

"Na ubeti wa ishirini na sita," Mama Pacha aliongeza, "mstari wa pili umepungua mizani moja. Nimekungojea uurekebishe tangu pacha wako tumboni."

"Mlango," alisema Kengele. "Mlango ulikuwa..."

Mama Pacha alielekeza kwa mwiko. Mlango wa jikoni ulikuwa umeachama, umewekewa jiwe, kama ulivyokuwa tangu bawaba ilipovunjika mwaka ule walipohamia, naye Kengele akaahidi kuitengeneza kesho yake. Haukuwa umewahi kufungwa hata siku moja.

Kengele alitaka kumuuliza kama alilipenda lile shairi. Hata kidogo, hata ubeti wa soksi. Lakini Mama Pacha alikuwa ameshaifunika sufuria, ameitoa ndoo nyuma ya jiko, na mvuke wake ulikuwa unapanda.

"Nenda kaoge kwanza, umetoka safari," alisema. "Maji yatapoa."

Basi Kengele akachukua taulo, akaichukua ndoo yake, na alipopita kwenye ule mlango wazi kuelekea bafuni, watoro wawili wa bustani wakainama zaidi, mabega yakiwatetemeka.